Nunueni Nakala Mia Tano: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu

Mkiwa,
Wilaya ya Ikungi,
Mkoa wa Singida.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA SERIKALI KUNUNUA VITABU VIPYA VYA KISWAHILI KWA AJILI YA MAKTABA, SHULE NA VYUO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaendesha steshenari hapa Mkiwa, mahali barabara ya Itigi inapoachana na barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida. Wateja wangu wengi wanataka fotokopi ya kitambulisho, barua ya kuomba kazi, au mtihani wa majaribio wa shule ya jirani. Wapo wachache ambao mimi hukaa nao zaidi. Hawa hufika na daftari la kaunta lililojaa mwandiko wa kalamu, pengine madaftari matatu yaliyofungwa kwa mpira, wakaomba niwataipie. Ndani mna riwaya, mashairi, historia ya ukoo, ngano za Kinyaturu ambazo mtu alisimuliwa na bibi yake. Nikishataipu na kubaindi, mwenye kazi hulipa, hutia flashi mfukoni, kisha huuliza: "Sasa hii niipeleke kwa mchapishaji, au nijichapishie mwenyewe?"

Barua hii imetokana na swali hilo. Nimelijibu kadiri ya uwezo wangu, na kila ninapolijibu naona wazi zaidi kwamba ufumbuzi wake hauko kwa mwandishi wala kwa mchapishaji. Uko katika wizara yako, ambayo chini yake zimo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta: Serikali inunue nakala 500 za kila kitabu kipya cha Kiswahili kitakachopita mchujo wa haki, kiwe kimetolewa na kampuni au na mwandishi mwenyewe, izigawe kwa wasomaji nchi nzima. Naomba unisikilize nieleze sababu.

Nianze na njia ya mchapishaji. Mchapishaji wa kweli ni mtu anayehatarisha fedha zake kwa ajili ya maandishi ya mwingine. Humlipa mhariri, msanifu wa kurasa, mchoraji wa jalada, mpiga chapa na msafirishaji, halafu husubiri. Mwandishi haombwi hata senti. Kitabu kikiuzwa, hupata mrabaha, kwa kawaida karibu asilimia 10. Vijana wakiisikia hiyo kumi hukunja uso, wakidhani tisini iliyobaki inaliwa na tajiri mmoja. Huwa nawafungulia hesabu: duka linataka fungu lake, mpiga chapa alishalipwa kabla kitabu kimoja hakijauzwa, na nakala zitakazododa zitadoda ghalani kwa mchapishaji. Aliyekwepa hasara yote hawezi kulalamika sana kwamba faida yake ni ndogo.

Nyumba za namna hiyo tumekuwa nazo, na kazi zake zinajulikana. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na mwaka 1972 ilishiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu kilichosomwa dunia nzima. Walter Bgoya aliyeiongoza akaja kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Huko ndiko ilikotoka Vuta N'kuvute ya Adam Shafi mwaka 1999, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya 2021. Kazi kama hiyo ya pili inataka haki za tafsiri zijadiliwe na kulipiwa nje ya nchi, mfasiri alipwe, wahariri wapitie neno kwa neno. Mtu mmoja mwenye kompyuta moja hapa Mkiwa haiwezi. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba wachapishaji wamepitwa na wakati.

Lakini njia yao ni ndefu, na urefu huo haukuanza leo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 bila kuishika Kufikirika mkononi kama kitabu. Ilitoka mwaka 1967. Ikiwa gwiji alikufa muswada ungali muswada, kijana wa hapa anayetuma kazi yake Dar es Salaam kwa barua pepe na kukaa miezi bila hata kuambiwa kwamba imefika anajua yuko katika foleni ya namna gani.

Kuwalaumu wachapishaji ni rahisi, ila tuitazame hali yao. Biashara ya vitabu nchini inategemea shule. Sera ya mwaka 1991 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi kutoa vitabu vya kiada, kampuni zilipata bidhaa yenye mnunuzi wa hakika, na mwenye mnunuzi wa hakika wa hisabati anaweza kuthubutu kutoa diwani ya mashairi itakayouzwa polepole. Mwaka 2013 EMAC, kamati iliyokuwa ikithibitisha vitabu vya shule, ilivunjwa baada ya kelele kubwa juu ya makosa yaliyokutwa vitabuni, kisha kazi ya vitabu vya kiada ikakabidhiwa TET. Sibishani na uamuzi huo. Mtoto wa Mkiwa na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, kusoma kitabu kimoja kuna haki ndani yake. Ninachosema ni kwamba fedha iliyokuwa ikibeba hasara ya riwaya ilikatika, na hakuna kilichowekwa badala yake. Mchapishaji akaanza kuchagua kazi zinazofanana na zile zilizokwisha kuuzwa, au akasubiri mfadhili. Mwandishi asiyejulikana akawa wa mwisho kufunguliwa mlango.

Ndani ya pengo hilo wameingia watu wa aina ya tatu, wanaojiita wachapishaji huku wakimtoza mwandishi. Nawafahamu kupitia wateja wangu. Binti mmoja aliyehitimu ualimu aliniletea mkataba nimchapie nakala. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilimtaka alipe gharama zote za kuchapa, na bado haki zote za kazi hiyo, pamoja na tafsiri na filamu, ziwe za kampuni. Yaani abebe hasara kama mtu aliyejichapishia, kisha apokee kama mtu aliyechapishwa. Nilimwomba asisaini siku hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Saini ya dakika moja mezani kwangu ingeweza kuwanyima wajukuu wake.

Kwa kuwa wengi hawana wakili wa kumuuliza, nimewapa kipimo chepesi: tazama fedha inatoka kwa nani na kwenda kwa nani. Anayegharimia kazi yako kwa fedha zake ni mchapishaji, na ana haki ya kupewa sehemu ya haki zako kwa muda mliokubaliana kwa maandishi. Anayekutoza ni mtoa huduma. Hakuna ubaya kumlipa mtoa huduma mzuri, mradi akishalipwa aondoke na malipo yake na akuachie haki zako zote.

Sasa njia ya pili, ya kujichapishia. Wapo wanaoidharau, wakisema ni kimbilio la waliokataliwa. Historia yetu haikubaliani nao. Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, alitoa riwaya zake kupitia Heko, kampuni yake mwenyewe. Dar es Salaam Usiku ilianzia huko kabla haijachukuliwa na East African Educational Publishers ya Nairobi na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Eric Shigongo aliwapa wasomaji hadithi zake kwa mfululizo katika magazeti ya kampuni yake, Global Publishers, na watu wakanunua gazeti ili kujua nini kimempata nani, ndipo hadithi zikawa vitabu. Huko Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Maillu alianzisha Comb Books akauza vitabu vyembamba kwa wasomaji wa mjini ambao kampuni kubwa hazikuwahesabu kuwa wateja. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Comb Books, na hapo somo la upande wa pili likaonekana: anayejichapishia akigongwa, hana wa kugawana naye maumivu.

Watu hao watatu wana jambo moja linalowatofautisha na wateja wangu. Kila mmoja alikuwa na namna ya kumfikia mnunuzi. Mtobwa alikuwa mwanahabari, anajua magazeti na wauzaji wake. Shigongo alikuwa na magazeti yanayofika kila stendi. Maillu alikuwa na jiji zima mlangoni. Mwandishi wa Mkiwa ana simu, makundi ya WhatsApp, na mabasi yapitayo hapa kati ya Dar es Salaam na Mwanza, ambayo kondakta akielewana naye atabeba boksi kama parseli.

Niruhusu hesabu ya mfano, yenye namba za kukadiria tu. Tuseme kitabu cha kurasa 150 kinachapwa nakala 500 kwa shilingi 4,000 kila moja. Hizo ni milioni mbili. Ongeza laki nane za mhariri, msanifu na jalada. Jumla ni shilingi 2,800,000, na kila nakala imemgharimu mwandishi shilingi 5,600. Akiuza 8,000 mkono kwa mkono, anabakiwa na 2,400. Akipeleka dukani na mwenye duka akataka asilimia 30, fungu la duka ni shilingi 2,400 zile zile. Faida imekwisha, na nauli ya parseli haijalipwa. Ili arudishe fedha yake tu, inambidi auze nakala 350 kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mkulima, mtaji huo ni fedha ya msimu mzima, pengine miwili.

Nakala za kwanza huisha haraka. Ndugu wananunua, walimu wenzake wananunua, waumini wananunua siku ya ibada baada ya matangazo. Halafu mauzo yanasimama, na maboksi yanabaki. Akienda shuleni, mkuu wa shule anamuuliza ithibati ya Kamishna wa Elimu, na mkuu wa shule hana kosa, kwani mkaguzi atamuuliza yeye. Akienda maktaba ya mkoa Singida mjini, atapongezwa. Na hapa, Mheshimiwa, kuna jambo ambalo limenishangaza tangu nilipolielewa. Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo inayotoa namba ya ISBN, zile tarakimu nyuma ya kitabu ambazo kwa Tanzania tumezizoea zikianza na 978 kisha 9976 au 9987. Bodi hiyo hiyo, kwa mujibu wa sheria, hupokea bure nakala za amana za kila kitabu kinachochapishwa nchini. Hivyo dola ina habari ya kila kitabu kinachozaliwa kwa kufuata taratibu, na ina haki ya kukipata bila malipo. Wajibu wa kununua hata nakala moja haujawekwa popote.

Habari hii ya kuchagua kati ya njia mbili wakati soko halipo, sisi wa Singida tunaijua kupitia alizeti. Anayekamua mwenyewe hupata zaidi kwa kila lita, ila mafuta yakikosa mnunuzi, madumu na deni la mashine ni vyake. Anayeuza mbegu kwa gunia hupata kidogo, naye hulala usingizi. Mwaka ambao soko ni zuri, wote wawili wanacheka. Mwaka ambao soko halipo, hukaa kijiweni wakibishana nani kati yao alikuwa na akili. Mjadala wa kujichapishia na kuchapishwa, kama tunavyouendesha sasa katika semina na matamasha, ni mjadala wa kijiweni mwaka wa soko baya.

Najua Wizara haikukaa mikono mitupu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na TET, ilitangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Mshindi wa kwanza katika kila uwanja anapata shilingi milioni 10, na miswada iliyoshinda inachapishwa na kupelekwa shuleni. Ilianza na riwaya na ushairi, na baadaye hadithi za watoto nazo zikaingizwa. Nimetaipu miswada iliyokwenda huko, na niseme kweli, tuzo hiyo imefanya jambo ambalo semina hazikuweza: imewafanya watu wamalize walichoanza kuandika.

Hata hivyo tuzo huchagua wachache, na ndiyo kazi yake. Aliyekuwa wa kumi au wa ishirini anaweza kuwa na kitabu kinachostahili kusomwa na watu elfu kadhaa, ila akarudishiwa flashi yake na pongezi. Taifa halilishwi na vitabu vitatu bora vya mwaka. Linalishwa na vitabu mia vya kawaida na vizuri, ambavyo ndani yake, miaka ishirini baadaye, watu wanagundua kwamba kimoja kilikuwa bora kuliko vyote.

Tunayo kumbukumbu ya wakati ambapo kuwapata waandishi na kuwapatia rafu vilikwenda pamoja. Shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 lilimwibua Muhammed Said Abdulla, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka kitabu mwaka 1960. Ofisi hiyo iliyoendesha shindano ndiyo iliyokuwa ikichapisha, na ndiyo iliyokuwa ikiendesha huduma za maktaba hadi Tanganyika ilipounda huduma yake kwa sheria ya mwaka 1963. Mwandishi aliyegunduliwa alikuwa na rafu ya kuwekwa. Katika miaka ya 1970, kampeni ya elimu ya watu wazima ilipokuwa imepamba moto, vijiji vilipata maktaba na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, kwa sababu viongozi walielewa kwamba aliyefundishwa kusoma na hana cha kusoma atasahau. Leo tumejitahidi kuwapata waandishi, na rafu tumeziacha tupu.

Utaratibu ninaouomba haukuzuliwa na mimi. Tangu mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulikuwa ukimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 za kila kitabu kilichokubaliwa. Zilikwenda shuleni, na mchapishaji akabaki na nakala nyingine za kuuza madukani. Mpango huo mmoja uliwapa watoto hadithi za Kiswahili zenye picha za mazingira yao, na ukawapa waandishi na wachoraji kazi. Nje ya Afrika, Norwe ilianza mwaka 1965 kununua nakala 1,000 za kila riwaya mpya inayofaa na kuzipeleka katika maktaba zake. Nchi ile ina watu wachache kuliko sisi kwa mbali na lugha isiyosomwa sana nje ya mipaka yake, na ilitambua kwamba ikiliachia soko peke yake, lugha hiyo itabaki bila fasihi. Kiswahili kina wasemaji wengi mno. Wanunuzi wa vitabu vyake ni wachache, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nakala 500 zingekwenda wapi? Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kila moja ikipata nakala mbili, hizo ni 368. Mikoa 26 ikipata mbili mbili kwa maktaba zake, ni 52. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi 54 vikipata moja moja, jumla inafika 474. Zinabaki 26 kwa Maktaba ya Taifa na vyuo vikuu. Halmashauri isiyo na maktaba iziweke katika kituo cha walimu au katika shule moja ya sekondari iliyo kando ya barabara, na raia yeyote aruhusiwe kuingia kusoma. Kwa bei ya mfano ya shilingi 8,000, kitabu kimoja kingegharimu Serikali milioni nne. Vitabu 100 kwa mwaka ni milioni 400. Baada ya mwaka wa kwanza, kila halmashauri, Ikungi ikiwemo, ingekuwa na nakala 200 ambazo haikuwa nazo. Baada ya mitano, nakala 1,000.

Mtazame tena yule mwandishi wa hesabu yangu. Angechapa nakala 1,000 badala ya 500, kwa milioni nne, na laki nane za matayarisho. Serikali ikinunua nusu, milioni nne zinarudi, na imebaki kuuza nakala 100 ili gharama yote irudi, badala ya 350. Zilizobaki ni faida. Mchapishaji naye, akijua nusu ya hatari imeondolewa, ana sababu ya kumjibu kijana asiyejulikana.

Masharti lazima yawepo, na yawe makali. Kitabu kiwe na ISBN na kiwe kimepita kwa mhariri anayetajwa jina ndani ya kitabu. Baraza la Kiswahili la Taifa lipewe nafasi ya kukagua lugha. Kikitoka kwa kampuni, mkataba uonyeshwe: mwandishi hakutozwa, na mrabaha wake unalipwa kwa nakala za Serikali kama kwa nakala nyingine. Kikitoka kwa mwandishi mwenyewe, kisomwe na jopo lile lile, kwa kipimo kile kile, jalada na majina yakiwa yameondolewa. Mwandishi mmoja asinunuliwe zaidi ya kitabu kimoja kwa mwaka. Sehemu ya bajeti itengwe kwa vitabu vya kwanza vya waandishi. Malipo yatoke nakala zikishapokelewa, kwa muda unaotajwa kwenye mkataba, kwa sababu mwandishi wa kijijini anayeidai Serikali mwaka mzima ni mwandishi aliyefilisika.

Naelewa utaambiwa nini na washauri wako. Wa kwanza atasema vitanunuliwa vitabu vya shemeji na vitabu hewa. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni uwazi: orodha ya vitabu vilivyoombwa, vilivyokubaliwa na vilivyokataliwa ibandikwe hadharani kila mwaka, wajumbe wa jopo wabadilishwe, na kila kituo kisaini kupokea nakala zake. Mwananchi wa Mkiwa aweze kwenda kuulizia kitabu kwa jina lake na kukikuta. Wa pili atasema waliojichapishia wanaandika ovyo. Baadhi wanaandika ovyo kweli. Mimi ndiye ninayewataipia, najua. Ila ovyo inapita pia kwenye kampuni, na mchujo uliofungwa macho utazikata kazi ovyo za pande zote mbili. Wa tatu atasema fedha hakuna, kuna madawati na vyoo vya shule. Sitaki kitabu kishindane na choo. Naomba tu tulinganishe na fedha ambayo tayari inatumika kuadhimisha Kiswahili kwa hotuba, fulana na mabango kila mwaka, kisha tujiulize ni sehemu gani yake inayobaki mtu akiisoma.

Utaratibu huu ukiwepo, swali la wateja wangu litakuwa na jibu la kweli. Mwenye hadithi ya watoto inayotaka picha nyingi za rangi, nitamwambia atafute mchapishaji, kwani mchoraji mzuri na rangi nzuri ni gharama isiyobebeka na mtu mmoja. Mwenye riwaya ndefu ya kwanza, nitamshauri atangulie kujaribu nyumba yenye mhariri hodari, kwa sababu mhariri hodari ni shule asiyoilipia. Aliyekusanya ngano za Kinyaturu, historia ya ukoo au mwongozo wa ufugaji wa kuku wa kienyeji, ambaye wasomaji wake wako hapa hapa naye anawajua, nitamwambia ajichapishie, alipie mhariri kabla ya kulipia jalada, na haki zake abaki nazo. Kila mmoja atachagua kulingana na kazi aliyoiandika. Leo wanachagua kulingana na mlango upi wamefungiwa.

Kwa wachapishaji, ambao nawapelekea nakala ya barua hii, nina ombi dogo lisilohitaji bajeti: mjibuni mwandishi, hata kwa mstari mmoja wa kukataa, na tangazeni wazi kama mnagharimia au mnatoza. Na kwa waandishi wa baadaye wanaopita dukani kwangu: someni vitabu vya wengine, na mvinunue. Mtu anayetaka kununuliwa na hajawahi kununua anaomba asichokitoa.

Mheshimiwa Waziri, naomba jambo hili liingizwe katika maandalizi ya bajeti ijayo ya Wizara kama majaribio: vitabu 20, nakala 500 kila kimoja, kwa mwaka mmoja. Kwa bei niliyoitumia hapa, ni shilingi milioni 80. Bodi ya Huduma za Maktaba ina takwimu za vitabu vinavyosajiliwa, TET ina wasomaji wa miswada waliokwisha kuzoea kazi hiyo kupitia Tuzo, na halmashauri zina magari yanayokwenda mikoani na kurudi matupu. Mwisho wa mwaka, hesabu zitolewe hadharani: vitabu gani viliazimwa, mara ngapi, na wapi. Vikikutwa na vumbi, mpango ufutwe, nami nitakuwa wa kwanza kukubali. Vikikutwa vimechakaa kwa kushikwa, ongezeni.

Nategemea majibu yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Mkiwa, Singida.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania.
Katibu Mtendaji, Baraza la Kiswahili la Taifa.
Mwenyekiti, Chama cha Wachapishaji Vitabu Tanzania.